Safari na Wasomaji: Je, mzee wa kanisa aingie launji?

Maswali ya ukurasa huu hujibiwa na mama aliyefanya kazi miaka 22 katika kaunta za abiria, uwanja wa ndege wa Dar es Salaam. Miaka 9 ya mwisho alikaa kwenye dawati la mlangoni mwa launji, yaani sebule ya kupumzikia abiria wanaosubiri ndege. Sasa amestaafu na anaishi Kihesa, Iringa. Mwezi huu amechagua barua mbili.

*SWALI: Kamwene dada. Mimi nafanya biashara ya mbao hapa Mafinga. Mwezi uliopita nilisafiri daraja la biashara kwa mara ya kwanza maishani, kwenda China kutafuta mashine za kupasulia mbao. Tiketi niliinunua mwenyewe kwenye mtandao, nikachagua ile ya bei ya chini kuliko zote za daraja hilo. Pale tulipobadilishia ndege nilikwenda launji ya shirika lilelile lililonibeba. Dada wa mlangoni akapitisha kadi yangu ya kupandia ndege kwenye mashine, akaniambia siruhusiwi. Nyuma yangu watu wamejipanga. Nikaondoka bila kuuliza neno. Lakini ndani ya ndege nililala kwenye kiti cha kunyooka kama kitanda, sawa na wenzangu wote. Nilikosea wapi?*

Kamwene kaka. Ulikosea pale ulipokuwa unanunua, na ni kosa ambalo watu wengi wanalifanya kwa sababu hakuna anayewaambia.

Nilipoanza kazi, kiti cha daraja la biashara na launji vilikuwa kitu kimoja. Ukiwa na kile, una hiki. Siku hizi mashirika yanauza vipande. Emirates walianza mwaka 2019 kuuza tiketi ya daraja la biashara ya bei ya chini isiyo na launji, na Qatar Airways wakafuata mwaka 2020. Kiti ni kilekile, chakula cha angani ni kilekile, ila mlango wa launji umeondolewa kwenye bei. Tiketi hizo huwa na majina kama “Lite” au “Special”, na mnunuzi aliyezoea kutafuta nafuu, kama ulivyofanya wewe, huzikimbilia.

Safari ijayo, kabla hujabonyeza kulipa, shuka chini ya ukurasa hadi kwenye jedwali linaloonyesha kila tiketi ina nini. Tafuta mstari wa launji. Kisha angalia tofauti ya bei na tiketi inayofuata. Kama unasubiri dakika 90 tu, kaa na nafuu yako, utanunua chai na andazi kwa hela kidogo. Kama unasubiri saa saba usiku, na asubuhi yake una kazi ya kukagua mashine za mamilioni, lipia. Mtu aliyeoga na kupumzika anapatana bei vizuri kuliko aliyekesha kwenye benchi.

Uliza pia benki yako. Baadhi ya kadi za benki huja na uanachama wa launji, na kuna kampuni kama Priority Pass, iliyoanza mwaka 1992, ambazo uanachama wake hauangalii umepanda daraja gani. Na pale mlangoni ungeweza kuuliza: “Nikilipia, naruhusiwa?” Launji nyingi zina bei ya kuingia.

Aibu uliyoiona, kaka, naomba uiache hukohuko ulikoipatia. Nimekaa kwenye dawati lile miaka 9. Mhudumu hachagui sura. Anapitisha kadi, mashine inakubali au inakataa, basi. Nimewarudisha watu wa suti na watu wa kandambili kwa sababu moja, na kwa sauti moja. Aliyeuliza kwa nini, nilimweleza. Aliyeondoka kimya, aliondoka bila kujua, na mimi nilibaki na uzito moyoni kwa sababu nyuma yake tayari kulikuwa na mwingine anayesubiri.

*SWALI: Ndaga, dada wa ukurasa huu. Nina miaka 66, ni mjane, naishi Tukuyu. Nina shamba dogo la chai na migomba, na ni mzee wa kanisa katika usharika wetu wa Moravian. Mwanangu anafanya kazi Ujerumani. Wamepata mtoto, ameniomba niende nikamwone mjukuu. Mwaka jana nilifanyiwa upasuaji wa nyonga, kwa hiyo mimi amenikatia daraja la biashara la Ethiopian kutoka Dar hadi Frankfurt, kupitia Addis Ababa. Mdogo wangu anayenisindikiza amemkatia la kawaida. Kutoka Songwe hadi Dar tutapanda ndege ya ndani kwa tiketi nyingine. Addis tutasubiri zaidi ya saa nne, usiku.*

*Kwenye simu mwanangu anasema: “Mama, usikae kwenye viti vya chuma. Nenda launji.” Dada, huku kwetu Mbeya launji ninazozijua ni zile zenye taa za rangi na muziki, vijana wanakunywa bia mpaka kunakucha. Nilimuuliza mara mbili, akacheka. Sikupenda alivyocheka. Sasa nauliza kwako. Ni mahali gani hapo? Mimi na uzee wangu wa kanisa naingia? Nitadaiwa pesa? Nitakula nini? Mdogo wangu nimwache wapi? Nimeandaa asali, maparachichi na ndizi za mkwe wangu, naingia navyo? Na nikipitiwa na usingizi, nani ataniamsha?*

Shikamoo dada. Ndaga fijo kwa barua yako. Nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama palepale ulipoandika kwamba hukupenda alivyocheka. Kijana amezoea viwanja vya ndege, amesahau kuwa hata yeye kuna siku alisimama katikati ya mabango hajui ashike kushoto au kulia. Maswali yako yote saba ni ya maana. Wengi niliowapokea walikuwa nayo, wakaona haya kuyauliza.

Nianze na jina, maana hilo ndilo lililokutia hofu. Launji kwa Kiswahili chetu ni sebule. Wenye baa wa mjini wamelichukua neno kwa sababu linavutia wateja, lakini maana yake ya asili ni chumba cha kupokelea wageni. Mgeni akifika kwako Tukuyu humwachi uani na mvua ile. Unamwingiza sebuleni, unampa kiti chenye mto, unamletea chai. Shirika la ndege linafanya vivyo hivyo kwa abiria wake wa daraja la biashara. Tulipofundishwa kazi tuliambiwa ya kwanza ilifunguliwa na American Airlines huko New York mwaka 1939, na wakati huo waliingia wale tu walioalikwa na wakubwa wa kampuni. Leo anayekualika ni tiketi yako.

Ndani utakuta watu wametulia. Mmoja anaandika kwenye kompyuta, mwingine amelala na viatu amevivua, mama ananyonyesha kwenye kona. Hakuna muziki wa kupiga kelele. Pombe utaikuta, nakwambia mapema usije ukashtuka. Mara nyingi bia na mvinyo huwekwa sehemu yake, anayetaka anachukua, asiyetaka anapita. Hakuna atakayekujazia glasi. Katika miaka yangu nimepokea mapadri, masheikh, watawa wenye rozari mikononi, wachungaji wa kila dhehebu. Waliketi, wakanywa chai, wakasoma vitabu vyao. Uzee wako wa kanisa utaingia nao na kutoka nao ukiwa mzima.

Na huko kote usifungue pochi. Kila kitu kimo ndani ya fedha alizokwisha lipa mwanao: chakula, kinywaji, kiti, choo safi, intaneti ya kumpigia mjukuu simu ya picha. Hutoi bakshishi. Nasema hili kwa msisitizo kwa sababu ya mama mmoja ambaye sitamsahau. Alikuwa anatoka Njombe, amevaa kitenge kipya, na kadi yake ilikuwa halali kabisa. Nikamwelekeza chakula kilipo, akasema ameshiba. Alikaa saa mbili na nusu ukingoni mwa kiti, mkoba mapajani, hajagusa hata maji. Alipokuwa anatoka aliniuliza kwa sauti ya chini: “Mwanangu, maji mnauza shilingi ngapi?” Nilitamani saa zile zirudi nyuma. Nilikuwa nimemwonyesha meza, sikuwa nimemwambia kwamba ni yake. Tangu siku ile, kila mtu mzima aliyeingia nilimwambia: “Mama, umeshalipiwa.” Nawe nakwambia hivyo. Umeshalipiwa, dada. Kula.

Sasa safari yenyewe. Songwe mtasubiri pamoja na abiria wote, maana tiketi ile ni ya kawaida na ni ya peke yake. Hapo ndipo nina wasiwasi kuliko hata Addis. Kutoka Tukuyu mtapita Uyole, mtakatiza jiji zima la Mbeya na malori yake ya Tunduma, kisha bado zaidi ya kilomita 20 hadi uwanjani. Na ninyi mnaujua ukungu wa kwenu kuliko mimi. Ndege ya Songwe ikichelewa na ya Ethiopian ikaondoka, na tiketi ni mbili tofauti, Ethiopian hawana wajibu wa kuwasubiri wala kuwapa nyingine bure. Mwambieni kijana awapeleke Dar siku moja kabla. Mlale kwa ndugu, mwamke mmetulia.

Dar safari za nje zinaondokea jengo la tatu, lile lililofunguliwa Agosti 2019. Mwambieni hivyo dereva wa teksi mapema. Kwenye kaunta kuna foleni ya daraja la biashara. Simama hapo, hata kama ile nyingine ndiyo unayoiona ina watu wa rika lako. Muulize mhudumu kama mdogo wako anaweza kuhudumiwa pamoja nawe kwa sababu anakusaidia kutembea. Mimi nilikuwa nakubali. Mtakabidhi mizigo, na kila mmoja atapewa boding pasi mbili, yaani kadi za kupandia ndege, ya Dar hadi Addis na ya Addis hadi Frankfurt. Kabla begi halijaondoka, angalia karatasi iliyofungwa kwenye mpini wake. Iwe na herufi FRA. Ikiwa hivyo, hutaliona tena mpaka Frankfurt. Kisha uliza: “Launji iko upande gani?” Huenda ukapewa kikadi cha mwaliko. Kitunze pamoja na boding pasi. Launji iko mbele, baada ya uhamiaji na ukaguzi, kwa hiyo wajukuu watakaowasindikiza mtaagana nao nje.

Mwambie mwanao aombe kiti cha magurudumu angalau saa 48 kabla ya safari. Ni bure. Usione kwamba unajifanya mgonjwa. Nyonga ya mwaka jana haitakiwi kupimwa kwenye korido za viwanja vya ndege. Lakini shika hili: katika viwanja vingi wasukumaji huwakusanya abiria wa viti mahali pamoja karibu na mageti, na usipotaja launji utaachwa hapo pamoja na wengine. Taja. Neno ni hilohilo, “launji”, litaeleweka popote, huku ukimwonyesha boding pasi. Halafu msikilizane ni saa ngapi atarudi kukuchukua, na mwambie mhudumu wa mlangoni naye aiandike saa hiyo.

Ukiingia, chagua kiti kirefu chenye mikono ya kuegemea, karibu na choo. Makochi laini ya chini yanavutia, lakini yatakumeza na kunyanyuka itakuwa shida. Mkoba uweke pale unapouona. Chakula ni cha kujipakulia. Chukua kidogo, onja, rudi tena. Hakuna anayehesabu.

Addis utakuta injera. Ni kama chapati ya maji, pana, imetoboka vijitundu, na ina uchachu unaokaribia wa togwa. Hutengenezwa kwa unga wa tefu, nafaka ya kwao. Ipo inayoliwa na mchuzi wa nyama na ipo ya shiro, mchuzi mzito wa unga wa dengu. Wakristo wao wa Orthodox hufunga Jumatano na Ijumaa, hawali nyama wala maziwa, kwa hiyo chakula chao cha mboga na kunde wanakijua vizuri sana, na mimi hicho ndicho nilichokipenda kuliko vyote. Ukiona injera si yako, kuna wali, mkate, supu, matunda. Na kuna kahawa. Usiondoke bila kuiona. Mwanamke amevaa gauni jeupe la pamba, amekaa kwenye kigoda, anakaanga buni, anatwanga, anachemsha kwenye chungu cheusi chenye shingo ndefu wanachokiita jebena, kisha anamimina kwenye vikombe vidogo visivyo na mikono. Desturi yao inaandamana na bisi. Mimi nimekulia kati ya watu wanaolima kahawa Mbozi na kuiuza yote, nyumbani tukanywa chai ya majani. Siku niliyopita Addis niliketi kwenye kigoda cha pili nikimwangalia yule mama, nikajisikia nimekaribishwa nyumbani kwa mtu.

Kuoga: mabafu yapo, unaomba kwenye dawati unapewa taulo, na usiku huwa kuna foleni. Wewe nakushauri usioge. Sakafu yenye maji, nyonga yenye chuma, na mdogo wako hayupo mlangoni. Nawa uso, piga mswaki, badilisha blauzi. Inatosha mpaka Frankfurt.

Sasa mdogo wako. Nimeliacha swali hili mpaka sasa kwa sababu lina uzito.

Tiketi ya daraja la biashara huingiza mtu mmoja. Wanaoruhusiwa kuongozana na mgeni ni wale wenye kadi za dhahabu za wasafiri wa mara kwa mara. Kwa hiyo mwanzo muulizeni mwanenu: kama anasafiri sana kikazi, anaweza kuwasiliana na shirika na kujua kama mama mdogo anaweza kulipiwa aingie. Mkifika mlangoni ulizeni tena, mkitaja upasuaji, kwa upole na mara moja tu. Mimi nilikuwa na ruhusa ya kumwingiza msaidizi wa mgonjwa pale nafasi ilipokuwepo, na launji ilipojaa sikuweza. Msimkasirikie atakayewakatalia.

Wakikataa, najua utakachotaka kufanya. Utataka kukaa naye nje saa zote nne kwenye vile viti vya chuma, kwa sababu umemlea na hujazoea kula yeye akiwa na njaa. Dada, sikubaliani nawe hapo. Mdogo wako ameacha nyumba yake kwa ajili ya nyonga yako. Ukifika Ujerumani umevimba miguu, safari yake imepotea bure. Fanyeni hivi: mpeni fedha ya chakula, na iwe ya kutosha, dola kidogo zilizobadilishwa Dar, ale mezani kama mtu na siyo kusimama na soda. Wewe ingia, kula, nyoosha miguu saa mbili. Kisha toka ukakae naye. Launji nyingi hukuruhusu kurudi ukionyesha kadi ileile. Najua pia utatamani kumfungia keki mbili kwenye tishu. Chakula hakitolewi nje, ni sharti la karibu kila launji, na nisingependa usimamishwe mlangoni mbele za watu kwa ajili ya keki.

Asali, maparachichi na ndizi. Asali ni kimiminika mbele ya mkaguzi, na chochote kinachozidi mililita 100 hakipiti na mkoba wa mkononi. Iwekeni kwenye begi kubwa, ndani ya chupa ya plastiki iliyofungwa kwa gundi na kuzungushiwa kanga, na isizidi kilo 2, maana ndicho kiwango cha Umoja wa Ulaya. Maparachichi yaacheni Tukuyu. Matunda mabichi yanayoingia huko yanahitaji cheti cha afya ya mimea, na kwa maparachichi sita haifai kuhangaika. Yamesamehewa matunda matano tu: nanasi, nazi, tende, duriani na ndizi. Ndizi, dada! Ya Tukuyu yenyewe. Chukueni mbichi zilizokomaa, zifungeni kwenye gazeti. Majani ya chai ya kwenu nayo tieni. Nyama na maziwa msithubutu, hata ya mgando kwenye kibuyu, watavichukua na faini juu.

Usingizi. Mwaka 2014 nilisafiri daraja la biashara kwa mara ya kwanza, baada ya miaka mingi ya kuwafungulia wengine mlango. Katika uwanja mmoja wa mbali, nikirudi nyumbani, niliketi launji nikisubiri kutangaziwa ndege yangu. Tangazo halikuja. Launji nyingi hazitangazi, ili watu wapumzike, na mimi niliyezoea launji yetu ndogo tuliyokuwa tunapita kiti kwa kiti kuwaita watu, sikuwaza hilo hata kidogo. Nilipoinua macho kwenye ubao, jina la safari yangu lilikuwa jekundu. Nilikimbia viatu mkononi, geti liko mwisho wa korido ndefu, nikafika wanafunga kitabu. Nilitetemeka mpaka tukavuka mawingu. Hakuna aliyekosea isipokuwa kwamba sikuuliza.

Kwa hiyo wewe uliza ukiwa unaingia: “Mnatangaza ndege?” Wakisema hapana, weka kengele ya simu, na mwambie mhudumu akuguse bega saa fulani. Wahudumu huwafanyia wazee jambo hilo kwa moyo wote. Mashirika mengi hufunga geti dakika 20 hivi kabla ya ndege kuruka, na Addis abiria wengi hupelekwa kwa basi hadi ilipo ndege, kwa hiyo uwe getini saa nzima kabla.

Saa zenyewe zisikuchanganye. Addis na Mbeya saa ni moja, usiguse saa yako ya mkononi. Waethiopia huhesabu saa kama sisi, kuanzia macheo, ila ubao wa uwanjani unaandika kwa mtindo wa tiketi. Ukiona 23:20, ni saa tano na dakika 20 usiku. Ujerumani ndiko mtakakorudisha nyuma, saa mbili kama ni majira yao ya baridi, saa moja kama ni kiangazi.

Wakati wa kurudi, Frankfurt utakuwa na haki ileile. Ethiopian waliingia Star Alliance, umoja wa mashirika ya ndege, Desemba 2011, na Lufthansa ni miongoni mwa walioanzisha umoja huo mwaka 1997, kwa hiyo boding pasi yako ya Ethiopian inafungua launji ya Lufthansa. Siku hiyo mwanao atakuwa amewaleta uwanjani. Mwache amwombee mama yake mdogo ruhusa kwa Kijerumani chake.

Kabla hamjatoka Tukuyu, mnunulie mdogo wako saa ya mkononi, ya kawaida tu. Addis, mtakapoachana mlangoni, namba ya geti huenda bado haijatoka, na simu yake inaweza kuzima. Linganisheni saa zenu, mwandikie kwenye karatasi saa mtakayokutana na mahali penyewe, chini ya ubao mkubwa wa safari, na karatasi hiyo aiweke kwenye pasipoti yake.